Jani la Dodo na Moshi wa Bukoto

Maandishi ya kipindi cha redio
Sehemu: Historia na Afya Yetu
Sauti: Mtangazaji na Msimulizi

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, popote ulipo, Nakivale, Kyaka, Rwamwanja, Kyangwali, Nyarugusu au Kakuma, karibu. Kama uko jikoni na moto umewaka, sogeza redio mbali kidogo na moshi, kisha keti nasi.

Leo tuna swali la mama mmoja. Anasema amepika kwa kuni tangu alipokuwa msichana, na sasa kila asubuhi anaamka na kikohozi. Juzi mchuuzi amepita mlangoni akimuuzia vidonge vya kijani. Amemwambia vimetengenezwa kwa majani, vina kitu kinachoitwa antioksidanti, na vinasafisha mapafu na damu. Bei yake inakaribia nusu ya pesa za chakula cha mwezi. Mama anauliza: ni kweli? Majani yanaweza kuukinga mwili na moshi?

Ni swali zuri, na jibu lake lina historia ndefu. Msimulizi wetu amekuja nayo. Karibu, kaka.

MSIMULIZI: Asante, dada. Na wewe mama uliyeuliza, shikamoo. Usitoe hizo pesa bado. Nisikilize kwanza.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA KWANZA: ASUBUHI BUKOTO

MSIMULIZI: Tuanzie Kampala, mtaa wa Bukoto. Kwa asiyepajua, Bukoto iko kaskazini-mashariki ya katikati ya jiji. Ukitoka Kamwokya unaelekea Kisaasi au Ntinda, unapita hapo. Wengi wenu mliowahi kukaa Kampala mnaikumbuka barabara ile asubuhi. Magari yamepangana, hayaendi. Taksi zinasukumana, bodaboda zinapenya katikati, na lori la zamani likipanda kilima linaacha wingu jeusi nyuma yake. Pembeni kuna anayechoma gonja kwa mkaa. Hatua chache kutoka hapo, mama ametandika gunia chini na kupanga mafungu ya mboga: dodo, nakati, bbugga.

Dodo ndiyo ile ambayo Mtanzania anaiita mchicha na Mkongomani anaiita lengalenga. Jina linabadilika mpakani, jani ni lile lile.

Mahali hapo jani na moshi vimekaa bega kwa bega. Moshi unaingia kifuani mwa muuzaji na kifuani mwa mnunuzi. Jani linaingia chunguni. Je, jani lile linaweza kupigana na moshi ule ndani ya mwili? Na je, moshi haujalifikia jani kabla yetu? Maswali hayo mawili ndiyo historia yetu ya leo.

Kwanza tuujue moshi wenyewe. Moshi una gesi, na una vumbi laini mno. Vumbi linalowasumbua sana madaktari ni lile dogo kuliko mikroni mbili na nusu, yaani karibu mara thelathini chini ya unene wa unywele. Vumbi kubwa hunaswa puani, ukipenga kamasi unaliona limetoka jeusi. Hili dogo halinaswi. Linashuka hadi mwisho wa pafu, na baadhi yake linapenya hadi kwenye damu. Huko ndani linaamsha vitu ambavyo wanasayansi wanaviita radikali huru. Sisi leo tuviite chembe korofi. Ni chembe zilizopungukiwa kitu, kwa hiyo zinanyang'anya kutoka kwa seli za mwili, na seli iliyonyang'anywa inaharibika.

Unataka kuona kitu kinachofanana na hicho kwa macho? Menya ndizi ya matooke uiache mezani. Baada ya muda mfupi inageuka nyeusi. Ni oksijeni ya hewani inafanya kazi yake, ile ile inayokula chuma cha jembe kikawa na kutu. Sasa menya nyingine, uikamulie limau. Weusi unachelewa. Ndani ya limau kuna kitu kinachotangulia kupokea pigo la oksijeni ili ndizi isipigwe. Kitu cha namna hiyo ndicho kinaitwa antioksidanti. Mama zetu walijua kazi ya limau kabla ya wanasayansi kuipa jina.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA PILI: MABAHARIA, PILIPILI NA OKSIJENI

MSIMULIZI: Jina lilikujaje? Twende baharini, mwaka 1747. Daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia wagonjwa. Fizi zao zilitoka damu, meno yalilegea, majeraha hayakupona. Ugonjwa huo, kiseyeye, uliua mabaharia wengi kuliko vita. Lind aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Jambo la kusikitisha ni kwamba jeshi la maji la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia wote maji ya limau mwaka 1795 tu, karibu miaka hamsini baadaye. Ukweli ulijulikana, ila ulikaa kwenye karatasi.

Kilichokuwa ndani ya limau kilijulikana katika karne ya 20. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alikitenga, na alipohitaji kingi zaidi alikipata kwenye pilipili nyekundu za nchini kwake. Ndiyo vitamini C. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel. Kabla yake, mwaka 1922, Herbert Evans na Katharine Bishop huko California walikuwa wamegundua vitamini E, inayopatikana kwenye mafuta ya mbegu, karanga na majani mabichi.

Lakini hadi hapo hakuna aliyeeleza vizuri mambo haya yanahusianaje na sumu. Mwaka 1954 mwanamke kutoka Argentina, Rebeca Gerschman, na wenzake walitoa hoja iliyowashangaza wengi: oksijeni ikizidi inaua kwa njia ile ile ambayo mionzi inaua, kwa kuzalisha radikali huru. Mwaka 1956 Denham Harman wa Marekani akasema kwamba hata uzee unatokana na chembe hizo kututafuna kidogo kidogo. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wakaonyesha kwamba mwili wenyewe una walinzi wake. Seli zetu zinatengeneza vimeng'enya vya kuzima chembe korofi usiku na mchana.

Shika hilo la mwisho, mama. Mwili hauko mikono mitupu. Mlinzi wa kwanza umezaliwa naye, na jani linakuja kumsaidia. Hilo litatufaa mbele.

MTANGAZAJI: Kaka, kwa hiyo mchuuzi hakudanganya? Antioksidanti ipo kweli?

MSIMULIZI: Ipo kweli, dada. Ndiyo maana maneno yake yanavutia. Uongo unaouzika huwa umebebwa mgongoni mwa ukweli. Sasa ngoja nikuambie kilichotokea watu walipouweka ukweli huo ndani ya kidonge.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA TATU: KIDONGE KILICHOGEUKA

MSIMULIZI: Madaktari waliona kwamba wavutaji sigara wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapati saratani ya mapafu kama wale wasiokula. Wakajiuliza ni kitu gani ndani ya mboga kinachowakinga. Wengi wakanyoosha kidole kwa beta-karotini, ile rangi ya njano na chungwa iliyomo kwenye karoti, embe, papai, na hata kwenye majani ya kijani ingawa kijani kinaifunika. Hesabu ikaonekana rahisi: itoe, ifunge kwenye kidonge, wape wavutaji.

Huko Finland wanaume 29,133 waliovuta sigara waliingizwa kwenye utafiti. Wengine walipewa beta-karotini kila siku, wengine hawakupewa, kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiomeza, kwa asilimia 18.

Watu walidhani ni bahati mbaya. Lakini Marekani kulikuwa na utafiti mwingine wa watu zaidi ya 18,000, wavutaji sigara na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Wao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwezi Januari 1996 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliomeza vidonge walikuwa wakiugua saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi.

Fikiria hilo. Watu waliomeza kinga, na kinga ikawaumiza. Na ni watu wa aina gani? Ni wale wale ambao mapafu yao yalikuwa tayari yamejaa moshi na vumbi.

Kwa nini? Ndani ya jani, beta-karotini inakuja kidogo, na inakuja na ndugu zake: vitamini C, vitamini E, nyuzinyuzi, madini na mamia ya vitu vingine. Wanashikana mikono. Mmoja akipigwa, mwingine anamrudishia nguvu. Ndani ya kidonge alikuja peke yake, tena kwa wingi usiopatikana kwenye sahani. Katika pafu lenye moshi, mlinzi aliyezidi kiasi anaweza kugeuka akawa mshambuliaji.

Lakini mtu asije akaogopa embe. Hapa Uganda kuna mtafiti anaitwa Robert Mwanga, aliyefanya kazi miaka mingi kuzalisha viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa. Mwaka 2016 yeye na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Rangi ile ya viazi ni beta-karotini hiyo hiyo, na ndani ya kiazi mwili unachukua kiasi unachohitaji, unageuza kuwa vitamini A, na macho ya mtoto yanapona. Kilichomdhuru mvutaji kwenye kidonge kinamfaa mtoto kwenye kiazi.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA NNE: JANI LILILOKAA KARIBU NA BARABARA

MSIMULIZI: Turudi Kampala. Mchuuzi angeweza kusema: sawa, basi kuleni majani yenyewe. Lakini jani nalo lina habari yake, na habari hiyo inaanzia kwenye tangi la petroli.

Mwaka 1921, katika kampuni ya magari ya General Motors huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba ukitia madini ya risasi kwenye petroli, injini haigongi. Sisemi risasi ya bunduki, ambayo wengi wetu tunaijua kuliko tulivyotaka. Nasema madini yenyewe. Kuanzia mwaka 1923 petroli hiyo ikauzwa, na baadaye ikaenea dunia nzima. Kila gari lililopita lilitapika risasi kidogo hewani. Risasi haiozi. Inatua barabarani, kwenye udongo, kwenye majani, na mtoto anayecheza chini anaila na vidole vyake. Ndani ya mwili inazuia utengenezaji wa damu, inazidisha chembe korofi, na inaudumaza ubongo wa mtoto.

Na Kampala ilikuwa na bustani kando ya barabara. Hilo pia lina historia. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 uchumi ulianguka, na vita vilivyofuata vikauvunja zaidi. Mshahara haukununua chakula. Watu wa mjini wakashika jembe: nyuma ya nyumba, mabondeni, pembeni mwa barabara. Mapema miaka ya 1990 mtafiti Daniel Maxwell alikuta kwamba takriban thuluthi moja ya kaya alizozichunguza Kampala zilikuwa zikilima ndani ya jiji. Bustani zile ziliwalisha watoto wengi. Wengi wenu mliokimbia mnajua maana ya kupanda mboga kwenye kipande cha ardhi kisichozidi mkeka.

Mwaka 2006 mtafiti wa Uganda, Grace Nabulo, na wenzake walichapisha utafiti juu ya udongo na mboga za kando ya barabara za Kampala. Walipima risasi, kadimiamu na zinki. Waliona kwamba risasi inapungua kadiri unavyosogea mbali na barabara, na kwamba sehemu kubwa ya risasi kwenye mboga ilitua juu ya majani kutoka hewani. Ushauri wao ulikuwa wazi: mahali penye magari mengi mjini, mboga za majani zipandwe mita 30 kutoka barabarani.

Mita 30 ni hatua kama arobaini hivi za mtu mzima. Jani lililo hatua tano kutoka barabarani na jani lililo hatua arobaini yana vitamini ile ile. Moja limebeba sumu, jingine limebeba kidogo sana. Kwa macho huwezi kuyatofautisha.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo jani linalotukinga, nalo linahitaji kukingwa.

MSIMULIZI: Umenitoa neno mdomoni, dada.

Sasa sikiliza namna risasi ilivyoondoka. Haikuondolewa na jani. Haikuondolewa na kidonge. Mwezi Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuacha petroli yenye risasi. Ilipofika Januari 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuiuza. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha, Julai 2021, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likatangaza kwamba enzi ile imekwisha. Mahali pengi petroli hiyo ilipoachwa, damu ya watoto ilipopimwa tena ilikutwa na risasi kidogo zaidi.

Hakuna mboga iliyowahi kufanya kazi kubwa namna hiyo. Sumu ilizibwa kwenye chanzo chake.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA TANO: KUMWAMSHA MLINZI

MSIMULIZI: Je, basi jani halina kazi? Lina kazi, ila si ile tuliyodhani mwanzo.

Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, walipata kitu kwenye brokoli kinachoitwa salforafani. Brokoli ni ya ukoo wa kabeji, ukoo mmoja na sukuma wiki na figili. Kitu hicho hakipigani chenyewe na sumu. Kinaingia ndani ya seli na kuwaamsha wale walinzi tuliozaliwa nao, niliokuomba uwashike tangu mwanzo. Kinawaambia: amkeni, kuna kazi. Walinzi wanaifunga sumu na kuisukuma nje kwa njia ya mkojo.

Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Qidong, karibu na Shanghai, mahali penye hewa chafu. Watu 291 waligawanywa. Wengine walikunywa kila siku kinywaji cha vichipukizi vya brokoli, wengine kinywaji kisicho na brokoli, kwa wiki 12. Waliokunywa brokoli walitoa kwenye mkojo sumu ya benzini, inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda, kwa asilimia 61 zaidi ya wenzao.

Hiyo ni habari njema, na tuipokee kama ilivyo bila kuongeza chumvi. Jaribio halikuonyesha kwamba watu wale hawataugua. Halikuisafisha hewa ya Qidong. Lilionyesha kwamba chakula kinaweza kuusaidia mwili kutoa sumu moja kwa kasi zaidi.

Na hewa ya Kampala? Mwaka 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha mradi wa AirQo. Vifaa vya kupima hewa vya kutoka nje vilikuwa ghali mno, na vumbi na joto la huku viliviharibu. Wakatengeneza vya kwao, vidogo, vya bei nafuu, wakavifunga kwenye nguzo na majengo, na vingine kwenye bodaboda zinazozunguka jijini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake: vumbi laini lisizidi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka. Hewa ya Kampala iko juu ya hapo mara kadhaa. Kabla ya vipimo hivyo mtu wa Bukoto alijua tu kwamba shati lake jeupe linarudi na weusi shingoni. Sasa ana namba ya kuwaonyesha wakubwa. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilizuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 15. Ni kazi ile ile ya Dakar: kuziba chanzo.

(MUZIKI MFUPI.)

SEHEMU YA SITA: JIKO LETU

MTANGAZAJI: Kaka, wengi wetu hapa kambini hatuna foleni ya magari. Tuna mafiga matatu na kuni mbichi.

MSIMULIZI: Na hilo ndilo la mama aliyeuliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka mmoja, 2020. Wengi ni wanawake na watoto, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na moto. Jiko lililofungwa lisilo na dirisha linaweza kuwa na hewa mbaya kuliko barabara ya Bukoto saa moja asubuhi.

Mama yangu, historia niliyosimulia inakupa mambo matatu, na mpangilio wake ndio wenye maana.

La kwanza ni Dakar: ziba chanzo. Pikia nje au penye upepo, hali ya hewa ikiruhusu. Kausha kuni kabla ya kuziwasha, kuni mbichi hutoa moshi zaidi. Loweka maharage usiku ili yaive upesi. Funika chungu. Mtoto mgongoni asikae juu ya moshi, mpe dada yake amshike. Na moto usiuwashe kwa kaveera wala kipande cha jerikani. Najua plastiki inashika moto haraka, lakini moshi wake una sumu ambazo kuni peke yake haina. Tadooba nayo, ile taa ya mafuta ya taa isiyo na kioo, inatoa moshi mweusi usiku kucha mkiwa mmelala. Ukipata taa ya jua, izime tadooba.

La pili ni Kampala: linda jani. Bustani yako iwe mbali na barabara inayopita malori, mbali na mahali mnapochoma taka, na mbali kabisa na palipotupwa betri za zamani, kwa sababu betri za gari zina risasi. Osha majani kwa maji safi. Kuosha kunaondoa vumbi lililotua juu, ila hakuondoi kile ambacho mizizi imekinyonya kutoka udongoni. Ndiyo maana mahali pa kupanda ni muhimu kuliko kuosha.

La tatu ndilo jani lenyewe: kula, na ule mchanganyiko. Dodo, nakati, sukuma wiki, matembele, nyanya, mapera, papai, viazi vya rangi ya chungwa, kila kinachopatikana kwa msimu wake. Mapera yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na mara nyingi watoto wanayachuma bure. Usichemshe dodo hadi ikapoteza rangi kisha ukamwaga maji, maana vitamini C inaharibiwa na moto na inakwenda na maji. Tia karanga au mafuta kidogo, kwa sababu rangi ile ya karoti na majani inaingia mwilini ikiwa na mafuta. Sombe ni tofauti. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda wa kutosha kama mama zetu walivyotufundisha, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu yake yenyewe, na moto ndio unaoitoa.

Kuna jambo jingine juu ya risasi. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi ananyonya risasi nyingi zaidi ya mtoto aliyeshiba vizuri. Kwa hiyo maharage, dagaa, majani na maziwa yakipatikana vinamlinda. Watu wengi wanaamini kwamba maziwa yanaosha vumbi kifuani. Hayafiki huko. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye pafu. Lakini kalisi iliyomo ndani yake ina kazi hiyo niliyoitaja.

Na kikohozi, mama. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji kituo cha afya, si jani wala kidonge cha mlangoni. Kinaweza kuwa moshi, kinaweza kuwa kifua kikuu, na kifua kikuu kina dawa inayoponya.

MTANGAZAJI: Na mchuuzi akirudi?

MSIMULIZI: Mkaribishe, mpe maji ya kunywa, ni mtu anayetafuta maisha kama sisi. Kisha muulize: hicho kidonge kimejaribiwa kwa watu gani, na matokeo yalikuwaje? Watu wa Finland walijaribu kwa miaka kadhaa, na wakasema ukweli hata ulipowaaibisha. Kama hana jibu, pesa zako nunua mbegu za dodo, nyanya na karanga. Zitakazobaki, nunua kuni kavu.

(MUZIKI UNAPANDA, UNASHUKA.)

MTANGAZAJI: Asante sana, kaka. Mpenzi msikilizaji, karatasi hizi zinabaki na kikundi chenu ili anayejua kusoma awasomee wengine. Kabla hamjatawanyika, zungumzeni maswali haya:

Moja. Katika mtaa wenu, ni moshi gani unaowasumbua zaidi: wa kuni, wa taka, wa tadooba au wa magari? Ni upi ambao mnaweza kuupunguza wiki hii bila kutoa pesa?

Mbili. Bustani zenu ziko wapi? Pimeni kwa hatua kutoka barabarani na kutoka mahali pa kuchoma taka.

Tatu. Ni mboga zipi mlizokula nyumbani kabla ya kukimbia ambazo hamjazipanda hapa? Nani ana mbegu zake, na anaweza kuwagawia wenzake?

Tukutane tena kipindi kijacho. Vaeni afya.

(MUZIKI WA KUFUNGIA.)